Ruhusa ya Kutazama Tu

Mtu aliyeniharibia jina tuliugua naye surua kitanda kimoja, kwa hiyo msitarajie nisimulie haya kwa upole. Upole nimeshaujaribu. Niliujaribu mbele ya wakubwa wa kazi, kwenye chumba chenye kiyoyozi, na nilipotoka humo nilikuwa mtu asiyeaminika hata na mashine alizozipanga mwenyewe.

Tulikulia safu moja ya nyumba za kaunsili huku Eastlands. Ukuta kati ya nyumba yetu na ya kwao ulikuwa mwembamba kiasi kwamba baba yake akikohoa, baba yangu alimwambia pole bila kuinuka kitini. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, alitoka magharibi na sanduku la mbao na Biblia. Wao ni Waislamu. Mama yake ana asili ya Pwani, na baba yake alikuwa na mchanganyiko ambao hata yeye mwenyewe alichoka kuueleza. Sisi mabinti wawili hatukujua habari hizo za asili mpaka walimu walipotuambia. Tulijua tu kwamba mama yangu akinikosa nyumbani haendi kunitafuta mbali.

Katika safu yetu ufunguo haukutembea na mwenyewe. Ukitoka, unamwachia jirani. Mtoto akirudi kutoka shule anauchukua hapo, na mvua ikianza jirani anaanua nguo zako, anafungua mlango wako na kuziweka juu ya kitanda. Kumwachia mtu ufunguo lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa kumpokonya. Mama mmoja wa safu ya nyuma alibadilisha kufuli siku moja bila kumpa jirani yake ufunguo mpya, na ingawa hakutamka neno lolote baya, mtaa mzima ulielewa kwamba amemwita mwenzake mwizi. Hawakusalimiana tena mpaka mmoja wao akahamia mtaa wa Umoja. Nayasema haya mapema kwa sababu nikiyasema baadaye yataonekana kisingizio.

Sasa niieleze kazi yenyewe, ingawa ndugu zangu nimewaeleza miaka na bado wananiletea redio zilizoharibika. Kampuni yetu iko ghorofa ya juu ya jengo moja pale mtaa wa Fedha, na tunakodisha nafasi kwenye wingu. Usiangalie juu. Wingu ni seva, mashine zenye kelele ndani ya chumba baridi, nasi tunazigawa kwa wateja ambao hawawezi kununua za kwao: shule, maduka ya dawa, vyama vya akiba, makanisa. Kila mteja tunamwita mpangaji. Ana sehemu yake ya kuhifadhi mafaili, ana kiasi chake cha memori na nguvu za mashine, na ana watu wake wanaoruhusiwa kuingia. Seva zikiwa na nafasi tunamwongezea. Zikijaa, anabaki na kiwango cha chini tulichomwahidi, na hicho hakiguswi.

Kanuni hiyo ya kutogusa niliipigania mimi. Mpangaji mkubwa akibanwa kidogo ana mtu wa kupiga simu na kufoka. Mdogo akibanwa anadhani ni simu yake imezeeka, anaomba radhi kwa wateja wake na kuendelea kuumia kimya. Nilikaa ngumu mikutanoni mpaka kanuni ikafungwa ndani ya mtambo wenyewe: hakuna akaunti ya mfanyakazi inayoweza kumshusha mpangaji chini ya kiwango chake, isipokuwa moja, kwa ajili ya dharura. Moja hiyo ilikuwa yangu, na sitaficha kwamba niliionea fahari.

Mwenzangu huyo wa ukuta mmoja nilimpeleka mimi kwenye kampuni ile. Alikuwa akipokea simu za wateja mahali pengine, akili inachemka na hakuna anayeiona. Nilimsemea, akachukuliwa, nikamfundisha jinsi ya kumpa mtu ruhusa na jinsi ya kumwondolea, jinsi ya kusoma seva inayoanza kuzidiwa kabla haijapiga kelele. Alishika haraka kuliko nilivyoshika mimi. Meza zetu zilitazamana, na wageni walidhani sisi ni ndugu. Hatukuwasahihisha.

Kisha baba akafariki, tukampeleka magharibi kuzika. Wapangaji hawangoji mtu amalize matanga, kwa hiyo kabla sijaondoka nilimwita mwenzangu pembeni nikampa nywila ya akaunti yangu. Nyinyi wa usalama wa mitandao mkifika hapa mtashika vichwa. Shikeni. Nilimpa kama mama yangu alivyompa mama ya mwenzangu ufunguo, bila kufikiri na bila kumwambia autunze. Niliporudi nilikuta kila kitu kimeenda sawa, na chai imefunikwa mezani kwangu ili isipoe. Sasa niambie, ningeketi pale, yeye ananitazama kutoka meza ya pili, nibadilishe nywila? Ningekuwa nimemwita mwizi. Niliiacha ilivyokuwa, naye hakuitaja, na tukaendelea na kazi.

Kati ya wapangaji wetu kulikuwa na zahanati moja ya mtaa wa Pipeline, chini ya ghorofa la kupangisha, mahali ambapo mchana huwashwa taa kwa sababu jengo la jirani limekaba jua. Mwenyewe ni muuguzi mstaafu wa kaunsili, watu wote wanamwita Sista. Kadi za watoto alikuwa akiziweka kwenye makatoni, mpaka bomba la ghorofa ya pili likapasuka na kumloweshea miaka yote ya chanjo. Mimi ndiye niliyemshawishi aweke mafaili yake kwetu. Aliogopa. Aliniuliza, na ikiwa siku moja ataamka akute hayafunguki? Nikamwambia, "Sista, anayelinda kiwango chako ni mimi mwenyewe. Hakuna wa kukigusa."

Alinitazama kwa muda kama anayepima joto la mtoto. "Basi nimekuamini wewe, mwanangu," akasema. "Hilo wingu lako silijui."

Ikaja kampuni ya kamari ya simu. Walitaka nafasi kubwa na waliitaka mara moja, kabla ya wikendi yenye mechi nyingi, na seva zetu zilikuwa zimejaa. Nilisema wasubiri mashine mpya zilizokuwa njiani. Mkurugenzi wetu, kijana mwenye adabu na viatu vizuri, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema kampuni inahitaji watu wa kupata njia, siyo watu wa kusema hapana. Wakati huo nafasi ya mkuu wa idara yetu ilikuwa wazi, na sote tulijua mimi na mwenzangu ndio tuliokuwa tukitazamwa. Sikuhofu. Nilifikiri akipata yeye au nikipata mimi ni nyumba ileile.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimefika kazini tu, begi bado begani, Sista akapiga simu. Jumatatu kwake ni siku ya chanjo. "Mwanangu, kuna nini?" akauliza. "Nafungua faili la mtoto linazunguka, linazunguka, halafu linaniondoa. Benchi limejaa akina mama mpaka nje."

Nilifungua kompyuta yangu nikiwa nimesimama. Memori ya zahanati ilikuwa imeshushwa ikawa chini ya nusu ya tuliyomwahidi. Jumapili hakuna aliyegundua kwa sababu zahanati imefungwa, lakini asubuhi ile, benchi lilipojaa, programu yake ilihitaji nafasi isiyokuwepo. Na mtambo haubembelezi. Programu ikivuka kiasi chake inauawa papo hapo, inaanza upya, inajaa, inauawa tena, na kila ikiuawa Sista anaona faili la mtoto likitoweka. Zahanati haikuwa peke yake. Wapangaji wadogo karibu wote walikuwa wamenyofolewa, na nafasi yao ilikuwa mikononi mwa watu wa kamari. Aliyebadilisha, kwa mujibu wa mtambo, alikuwa mimi, Jumapili alasiri. Jumapili alasiri mimi nilikuwa kwa mama nikimchambulia mboga.

Hapakuwa na haja ya upelelezi. Nywila ile tuliijua watu wawili.

Nilianza kwa kurudisha. Niliwapunguzia watu wa kamari, simu zao zikaanza kulia ofisi nzima, nikaziacha zilie. Zahanati ilipotulia, benchi la Sista lilikuwa limeshapungua. Watoto ambao mama zao walikumbuka vizuri aliwachoma sindano. Mmoja alimkatalia, kwa sababu hakuwa na hakika mtoto amepata chanjo gani na hakutaka kubahatisha, na mama yake, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kwa tajiri wake kwa shida, aliondoka akilia. Sista aliniambia hayo bila kunigombeza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mwenzangu nilimkuta kwenye kijichumba cha chai, anaosha kikombe.

"Ni wewe?" nikamuuliza.

"Ni mimi." Hakuzunguka, na hilo nampa. "Manze, nilidhani ni ya wikendi tu. Hizo za kina Sista si hulala Sunday? Nikasema nitarudisha Monday mapema kabla mtu hajajua. Nikapitiwa."

"Kwa nini kwa jina langu?"

"Yangu si inakataa. Wewe ndio uliifunga, umesahau?" Alisema kama anayenitania, kisha akaniona uso, akaweka kikombe chini. "Sikia dada. Thursday kuna mkutano wa hii maneno. Nitajisema mwenyewe. Usiende kwa boss saa hii, ataona nimeletwa nimeshikwa sikio kama mtoto. Nipe hadi Thursday tu."

Nilifura, lakini nilimwelewa. Mtu akijisema mwenyewe anabaki na heshima yake, na mimi nilitaka abaki nayo. "Sawa," nikasema. Akanishika mkono, mkono wake ukiwa na maji.

Siku zile za katikati nilifunga mdomo. Wenzetu ofisini waliniangalia kwa pembeni, maana jina lililokuwa kwenye mtambo kila mtu alikuwa ameliona. Mwenzangu aliniletea mandazi asubuhi na kuniuliza presha ya mama inaendeleaje. Sista alipiga simu mara moja. Aliuliza kwa utulivu, "Ni nani aliyenifanyia hivi?" Nikamwambia asubiri Alhamisi, ataambiwa. Akaitikia, "Haya."

Alhamisi tuliketi upande mmoja wa meza. Mkurugenzi alieleza lililotokea kwa maneno yaliyooshwa, akasema watu wa kamari wametishia kuondoka na wapangaji wengine wamelalamika, kisha akauliza kama kuna mtu ana la kusema kabla hajaendelea. Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa akizungusha kalamu. Alipoinua kichwa nilimwonea huruma, kwa kweli, na nikasogeza mkono wangu juu ya meza uwe karibu na wake.

"Mimi nina ombi," akasema. "Tumsamehe. Amepitia mengi tangu baba yake afariki, na mama yake si mzima. Mtu akichoka hukosea. Mimi nimekua naye, ninamjua. Hawezi kufanya kitu kama hiki akiwa sawa."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba anayesamehewa ni mimi.

"Si mimi," nikasema. "Si mimi niliyewashusha, na yeye anajua."

"Akaunti ni ya nani?" mkurugenzi akauliza.

"Yangu. Lakini Jumapili mimi nilikuwa kwa mama."

"Kazi hii siku hizi mtu anaifanya kwa simu akiwa popote," akasema, na ni kweli. "Kuna mwingine mwenye nywila yako?"

"Yeye."

Mwenzangu akashusha pumzi taratibu, kama mtu aliye kando ya kitanda cha mgonjwa. "Aliniachia alipokwenda mazishini," akasema. "Nilidhani aliibadilisha aliporudi. Si ndio utaratibu?"

"Uliibadilisha?" mkurugenzi akaniuliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

Mkurugenzi alikulia upande ule mwingine wa mji, ambako jirani ni gari linalotoka langoni asubuhi. Waliokuwa wameketi kandokando yake vilevile. Katika chumba kile chote mtu mmoja tu angeweza kuwaeleza kwa nini mtu habadilishi kufuli kwa jirani yake, kwa nini kufanya hivyo ni tusi, na mtu huyo alikuwa ameketi kando yangu akiniangalia kwa macho ya huruma. Alijua jibu langu kuliko nilivyolijua mimi. Alilitegemea. Nilitafuta maneno ya ofisi ya kulisemea, sikuyapata, nikaishia kusema, "Ni rafiki yangu."

Kuna aliyecheka kidogo, kisha akajikohoza. Mimi nilihisi nimevuliwa nguo hadharani.

Sikufukuzwa. Walisema ombi la mwenzangu limezingatiwa, na mpaka leo sentensi hiyo ikinijia nikiwa naoga nafunga maji, nasimama. Waliamua akaunti yangu ipunguzwe iwe ya kutazama tu. Nione wapangaji wote, nione seva zote, nisiguse kitu. Na kwa kuwa idara haiwezi kukaa bila mtu wa kuamua, nafasi ya mkuu akapewa yeye, kuanzia siku ileile.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuniondolea ruhusa. Aliniita nikasimama nyuma ya kiti chake ili nishuhudie, kwa sababu kanuni inataka mwenye akaunti ashuhudie. Aliniondolea kwanza uwezo wa kubadilisha viwango, kisha uwezo wa kuwapa wengine ruhusa, kisha ule wa dharura, akaukabidhi kwa akaunti yake. Mwisho akahakiki kama hakuacha mwanya. Hakuruka hatua hata moja. Mwalimu wake angekuwa mtu mwingine ningemsifu.

Nilimngoja kwenye ngazi wakati wa kutoka. Nilimuuliza swali moja tu, kwa nini.

"Ningesema ukweli tungeenda nyumbani sote," akasema. "Wewe kwa kunipa password, mimi kwa kuitumia. Sasa angalia, hakuna aliyefutwa. Nilikuokoa, dada, hata kama huoni saa hii. Mambo yakipoa nitakurudishia kila kitu, pole pole."

Niliutafuta uongo usoni mwake na sikuuona. Aliamini. Kama angekuwa ameniuzia mbuzi kwenye gunia huku akijua kuna paka ndani, ningemchukia nikamaliza. Lakini alisimama pale, pochi kwapani, akingoja nimwelewe, na sidhani kama neno cheo lilimpitia kichwani hata mara moja. Labda lilimpita kwa kasi akalifungia nje. Nilishuka ngazi nikamwacha pale.

Nilikwenda Pipeline kumweleza Sista mwenyewe. Nilimkuta anampima mtoto uzito, akanionyesha kiti kwa kidevu. Alipomaliza, aliosha mikono na kuifuta kidole kimoja kimoja.

"Mwenzako alikuja jana," akasema kabla sijaanza. "Alileta unga wa uji wa watoto. Akaniomba nisikulaumu, ulikuwa na msiba."

"Sista, si mimi niliyefanya."

"Na mimi nataka iwe si wewe." Alikunja taulo. "Lakini nilikuuliza ni nani, ukaniambia nisubiri Alhamisi. Mtu asiye na kosa anasubiri nini, mwanangu?"

Nilisubiri ili mtu mwingine asiaibike. Nilimwambia hivyo, na hata masikioni mwangu mwenyewe ilisikika kama hadithi ya kutunga. Sista alitikisa kichwa polepole, kwa wema, na wema ule ulinifunga mlango vizuri kuliko matusi. Akasema kuanzia sasa akipata shida atampigia yule mwingine, kwa kuwa ndiye mwenye uwezo wa kumsaidia. Hakukosea. Mimi ningeweza tu kuangalia programu yake ikifa.

Na ndivyo ninavyoishi sasa. Naona shule fulani imeanza kubanwa, najua hasa kinachotakiwa, kisha naandika ombi kwa mwenzangu kama mwanafunzi aliye mafunzoni. Ananijibu upesi sana. Anakubali kila ninachoomba, anaongeza na neno tamu mwishoni, na wenzetu huona jinsi anavyonivumilia. Akinikatalia hata mara moja ningekuwa na kitu cha kushika. Hanikatalii.

Nilikuwa bado sijamweleza mama. Yeye anakaa nyumba ileile ya kaunsili, na mama ya mwenzangu bado ni jirani yake. Wote wawili wamefiwa na waume zao. Mama yangu macho yamepungua, kwa hiyo dawa zake za presha anapimiwa na mama ya mwenzangu, asubuhi na jioni, na yule mwingine akiumwa magoti mama yangu ndiye anayemkanda. Wakigombana sijui nani atampa nani maji.

Jumapili moja baada ya kanisa niliingia nikawakuta wote wameketi: mama zetu wawili kwenye kochi, na mwenzangu kwenye kigoda miguuni mwao, anawakatia kucha. Nikasalimia. Mama yangu hakuitikia kama kawaida yake.

"Kaa," akasema. "Mwenzako ametueleza mambo ya kazi."

Nikamtazama mwenzangu. Aliendelea na ukucha.

"Sikutaka kusema, mama," akamwambia mama yangu. "Ni vile uliuliza kwa nini amekonda."

"Mama," nikasema, "unakumbuka Jumapili ile nilikuja hapa tukachambua mboga? Nilikuwa hapa mpaka jioni."

"Nakumbuka," mama akajibu. "Na simu ilikuwa mkononi mwako siku nzima. Nilikwambia uiweke chini, hukunisikia."

Nilikuwa nikimtumia shangazi picha za kaburi la baba lililojengewa. Nilifungua mdomo niseme hivyo, niseme na mengine yote. Mama ya mwenzangu alikuwa ameweka mkono wake juu ya goti la mama yangu, akinitazama bila lawama yoyote, kama mtoto wake aliyejikwaa. Niliona wazi kitakachofuata. Nikisema, kila mmoja atalazimika kumwamini binti yake, na ukuta ule mwembamba ungekuwa mnene kuanzia mchana ule. Mwenzangu aliacha kukata kucha. Aliniangalia, kwa mara ya kwanza tangu mkutano, bila huruma ya kuigiza. Aliogopa.

"Mtu amekusimamia mbele ya wakubwa kazi yako isiende," mama akasema, "na ninasikia mpaka leo hujamwambia asante. Hivyo ndivyo tulivyokulea?"

Nje kuna mtu alikuwa akifua, nasikia maji yakimwagwa.

"Asante," nikamwambia mwenzangu.

Mama zetu wakapumua pamoja. Mwenzangu akaweka mkasi chini, akainuka, akanikumbatia kwa nguvu mbele yao, mdomo wake karibu na sikio langu ili nisikie mimi peke yangu.

"Nilijua hutaniangusha," akasema.

Wazee wakaanza kumshukuru Mungu, kila mmoja kwa sala ya kwao, na mimi nikasimama mikononi mwake nikingoja aniachie.